Stelingi ni mfalme, adui ni Jafari

Wadau, leo siongelei barabara wala bei ya alizeti. Kuna marehemu mmoja nataka kumtetea. Amekufa zamani kweli, mwaka 803, huko Iraki, na hana ndugu wa kumsemea. Mnamjua wote. Ni yule waziri mwembamba mwenye ndevu zilizochongoka, fimbo ya nyoka mkononi na kasuku begani, kwenye katuni ya Aladini. Jafari.

Nimelianza hili kwa sababu ya mtoto wa dada yangu hapa Singida mjini. Anaitwa Jafari, na wenzake shuleni wamemgeuza mchawi wa kasuku. Akamuuliza bibi yake kwa nini alipewa jina la mtu mbaya. Bibi akamweleza habari za Jafari bin Abi Talib, binamu wa Mtume, aliyewaongoza waliokimbilia Uhabeshi na akafia vitani Mu'ta mwaka 629. Jibu zuri, na ndiko majina mengi ya Jafari yanakotoka. Ila yule wa katuni ni Jafari mwingine, naye alikuwepo kweli, na maisha yake hayafanani hata kidogo na hayo tuliyoonyeshwa kwenye vibanda vya video.

Jina lake kamili ni Jafari bin Yahya, wa ukoo wa Barmaki. Wabarmaki walitoka Balkh, mji ulioko Afghanistan ya leo. Kabla ya Uislamu kufika kule, wazee wao walikuwa wasimamizi wa hekalu kubwa la Kibudha lililoitwa Naubahar. Wakasilimu, na babu yake, Khalid, akaingia kwenye utumishi wa makhalifa wa kwanza wa Bani Abbas. Kwa hiyo huyu bwana amezaliwa kwenye familia ya maofisa, hivi mwaka 767. Watu wa kalamu na mahesabu, sio watu wa upanga wala wa uganga.

Baba yake, Yahya, ndiye aliyemlea Harun Rashid, yule yule Harun tunayemsoma kwenye hadithi za Abunuwasi. Kaka yake, Fadhl, alikuwa ndugu wa kunyonya wa Harun: mama wa huyu alimnyonyesha yule, na mama wa yule akamnyonyesha huyu. Sasa hapo jiulizeni, undugu gani zaidi ya huo? Halafu kaka yake Harun, khalifa Hadi, alipotaka kumnyima Harun urithi ili ampe mwanawe, Yahya ndiye aliyekataa kumwacha Harun, mpaka akawekwa ndani. Hadi akafa ghafla mwaka 786. Harun akakaa kwenye kiti akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, na mtu wa kwanza aliyempa madaraka ni mzee Yahya.

Kwa miaka 17 iliyofuata Wabarmaki ndio walioiendesha serikali. Uwaziri wenyewe ulikuwa wa baba. Jafari tunamwita waziri kwa sababu hadithi zimetuzoesha hivyo. Yahya alishika mihuri, Fadhl akapelekwa kutawala mikoa ya mashariki, na Jafari akabaki karibu na mfalme. Huyu ndiye aliyekuwa rafiki. Fadhl alikuwa mtu mkavu, hapendi pombe wala starehe. Jafari alikuwa mcheshi, msemaji, anayejua mashairi na anayejua kukaa na wakubwa usiku. Inasimuliwa kwamba Harun alimpenda mpaka wakashonewa vazi moja lenye shingo mbili, wakalivaa pamoja. Iwe kweli isiwe kweli, inaonyesha watu wa mjini walivyokuwa wanawaona.

Lakini msimdhanie alikuwa mtu wa starehe tu. Alisomeshwa sheria na kadhi mkuu Abu Yusuf. Barua za malalamiko zilizofika kwa khalifa alizipitia yeye, akiandika uamuzi chini kwa maneno machache, na uandishi wake ulisifika hadi wanafunzi wa fani hiyo wakawa wananunua nakala za alichoandika ili wajifunze. Mwaka 796 alitumwa Shamu ambako makabila ya Waarabu yalikuwa yanachinjana, akaenda akatuliza, akarudi. Alipewa usimamizi wa nyumba za kupiga fedha, na jina lake likawekwa kwenye sarafu za dhahabu na za fedha. Mamun, mmoja wa watoto wa Harun, alikabidhiwa kwake amlee. Na familia hii ndiyo inayotajwa kuingiza utengenezaji wa karatasi Baghdad, jambo ambalo sisi tunaoishi kwa kuandika tungepaswa kulikumbuka kuliko kasuku.

Fedha nazo walikuwa nazo, sifichi. Jafari alijenga jumba mashariki ya mto Tigris ambalo inasemwa lilikula dirhamu milioni 20. Watu wakaanza kunong'ona. Jamaa akaliona hilo, akatangaza kwamba jumba ni la Mamun, yeye analijenga tu kwa niaba ya mtoto. Ujanja huo mnaujua, hata leo kuna majumba yanayosemwa ni ya watoto.

Mwishoni mwa mwaka 802 Harun alikwenda Makka kuhiji na watoto wake wawili, Amin na Mamun, na akawaapisha mbele ya Al-Kaaba kwamba Amin atatawala kwanza, Mamun atafuata, na hakuna atakayemgeuka mwenzake. Maandishi yakawekwa mle mle. Inasimuliwa kwamba Jafari alimsimamisha Amin na kumrudisha kwenye kiapo mara tatu, na mama yake Amin, Bibi Zubeda, hakumsamehe kwa hilo. Kiapo chenyewe hakikufika mbali. Harun alipokufa mwaka 809 hao ndugu wawili walipigana, na Amin akauawa mwaka 813.

Msafara ulirudi kutoka Makka na kutua karibu na Anbar, kwenye mto Furati, Januari 803. Wanahistoria wa Kiarabu, Tabari akiwemo, wameueleza usiku ule kwa undani unaotisha. Mchana Harun na Jafari walikwenda kuwinda pamoja. Jioni wakaagana vizuri, kila mtu akaenda kwenye mahema yake. Jafari alikuwa amekaa na tabibu Jibril na mwimbaji kipofu aitwaye Abu Zakkar, wanaburudika, ndipo akaingia Masrur, mtumishi wa khalifa, bila hodi. Akasema ametumwa kuchukua kichwa.

Jafari hakuamini. Alidhani mfalme amelewa, asubuhi atajuta. Akamwomba Masrur arudi akaulize tena. Masrur akarudi, akatukanwa, akaambiwa asionekane tena bila kichwa. Basi. Jafari alikuwa na miaka kama 36. Usiku huo huo nyumba za Wabarmaki zikazingirwa, mali zikataifishwa, mzee Yahya na Fadhl wakakamatwa. Kichwa cha Jafari kilipelekwa Baghdad kikasimikwa kwenye daraja la kati, na kiwiliwili kikakatwa vipande viwili, kimoja daraja la juu, kingine daraja la chini. Vikakaa pale zaidi ya miaka miwili, watu wakipita kwenda sokoni, mpaka Harun mwenyewe alipopita mwaka 805 akiwa safarini kwenda Khurasani akaamuru vichomwe. Yahya, mzee aliyemlea, alifia gerezani Raqqa mwaka huo huo. Fadhl, ndugu wa kunyonya, naye akafia humo mwaka 808.

Kwa nini? Harun hakutoa maelezo, na ukimya huo ndio uliozaa hadithi. Iliyoenea kuliko zote ni ya mapenzi: eti Harun alikuwa hawezi kukaa bila Jafari wala bila dada yake, Abbasa, akawaozesha kwa jina tu ili waweze kuketi wote watatu kwenye baraza moja bila kuvunja sheria, kwa sharti wasigusane. Wakagusana, mtoto akazaliwa, akafichwa Makka. Tamu sana, inafaa kwa filamu. Ibn Khaldun, karne ya 14, aliipinga waziwazi. Kwake chanzo kilikuwa madaraka: familia moja ilikuwa imeshika kodi, ofisi na majeshi, mpaka mwenye nchi akawa anaomba hela ndogo kwao. Wengine wanataja kwamba Jafari alimwachia huru mpinzani wa ukoo wa Ali aliyekabidhiwa amlinde. Mimi naona Ibn Khaldun yuko karibu zaidi na ukweli, maana aliyeingia ofisini baada ya hapo ni Fadhl bin Rabi, mpinzani wao wa siku nyingi, ambaye alikuwa akingoja tu.

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, maana jambo la ajabu linaanza baada ya mauti.

Watu wa Baghdad walimlilia. Kusifu Wabarmaki kukawa kosa, na watu wakaendelea kuwasifu, mpaka ukarimu wa Kibarmaki ukawa usemi kwa Kiarabu. Hadithi zikaanza kutungwa, na kwenye Alfu Lela Ulela, tuliyoisoma kwa Kiswahili kwenye vile vitabu vidogo na baadaye kwenye tafsiri ya Hassan Adam, Jafari ni mtu mwema. Anatembea usiku na Harun, wamejibadili mavazi, wanasikiliza shida za raia. Nyuma yao anatembea wa tatu, mwenye upanga. Ni Masrur! Yaani watunzi wamewarudisha wote watatu mtaani, kila usiku, mfalme na rafiki na yule aliyekuja kumkata, wanatembea kama hakuna kitakachotokea. Msikilizaji wa Baghdad alijua kitakachotokea.

Na watunzi hawakusahau kabisa. Kasomeni kisa cha matofaa matatu. Maiti ya mwanamke inatolewa mtoni, na mfalme anamwambia waziri wake amlete muuaji ndani ya siku tatu, la sivyo atanyongwa yeye na jamaa zake arobaini. Jafari hajaua mtu. Anakaa nyumbani siku tatu akingoja kufa, maana hajui aanzie wapi. Hicho ni kichekesho kwenye hadithi, lakini aliyeitunga alikuwa anajua anamwongelea nani.

Kwa hiyo kwa mamia ya miaka Jafari alikuwa mtu mwema mwenye bosi wa hatari. Amegeuka adui juzi juzi tu, na waliomgeuza ni watu wa filamu na vitabu vya katuni.

Katika kisa cha Aladini chenyewe hakuna Jafari. Mfaransa Galland alikipata kwa Hanna Diyab, msimulizi wa Aleppo, mwaka 1709. Kinatokea China, na adui ni mchawi kutoka Maghribi. Yupo waziri mwenye wivu anayetaka binti mfalme aolewe na mwanawe, lakini hana jina wala uchawi. Mwaka 1940 ikatoka filamu ya Kiingereza ya Mwizi wa Baghdad. Humo waziri anampindua mfalme kijana, anajua uchawi, anamtamani binti wa mfalme mwingine, na jina lake ni Jaffar. Aliigiza Conrad Veidt, Mjerumani aliyekimbia utawala wa Hitler, na aliigiza vizuri mno, hiyo ndiyo taabu. Toka hapo jina likanata.

Mwaka 1962 Wafaransa Goscinny na Tabary wakaanza katuni yao ya waziri mfupi, mkorofi, Iznogoud. Jina hilo ukilitamka Kiingereza maana yake ni mtu asiyefaa. Kazi yake ni moja: kutaka kumpindua khalifa. Na khalifa wake, Haroun, ni mnene, mpole, anasinzia kwenye mito, hana ubaya na mtu. Nimecheka sana na katuni ile, siwezi kusema uongo. Lakini hebu iweke pembeni ya yale madaraja matatu ya Baghdad. Aliyekata anasinzia kwa amani, aliyekatwa ndiye mwenye roho mbaya.

Mwaka 1989 ukaja mchezo wa kompyuta wa Mwanamfalme wa Uajemi, adui ni waziri Jaffar. Mwaka 1992 Disney wakachukua waziri mwenye wivu wa kwenye Aladini, wakamchanganya na mchawi wa Maghribi, wakampa jina la filamu ya 1940, na biashara ikaisha. Vikafuata vitabu vya katuni, midoli, filamu nyingine mwaka 1994, na ile ya waigizaji wa kweli mwaka 2019. Hata Wamarekani walioandika mfululizo wa katuni wa Fables, ambao wahusika wa ngano za zamani wanaishi uhamishoni New York, walipofika kwenye nchi za Waarabu wakamleta Sinbad kama mtu mwema, na msaliti wakamfanya nani? Waziri wake.

Msiseme hayo ni ya Wazungu tu. Kwenye hadithi zetu za Abunuwasi mfalme anachezewa, anakasirika, mwishoni anacheka na kutoa zawadi. Anayebaki na aibu ni waziri, kadhi au tajiri. Abunuwasi naye, kumbukeni, alikuwa mshairi wa kweli wa Baghdad ile ile, akaishi hadi enzi za Amin, na sisi tumemfanya tapeli wa sufuria iliyozaa ikafa. Gado, mchoraji wetu, alimtolea kitabu cha katuni Nairobi mwaka 1996 kupitia Sasa Sema, na hapo angalau mjanja alibaki kuwa stelingi. Gazeti la Sani nalo lilichukua Ndumilakuwili, jina la nyoka wa kwenye semi, likamfanya jamaa wa mjini mwenye sura mbili. Kugeuza wahusika ni kazi halali ya mchoraji. Ugomvi wangu ni kwamba wanaogeuzwa kuwa wabaya ni wale wale wa katikati kila siku.

Na hapa Singida tunalijua hilo vizuri. Wanyaturu hatukuwa na mfalme mmoja. Wajerumani walipokuja na kodi yao walihitaji watu wa kati wa kuwakusanyia, na hasira za vijiji zilimfikia jumbe kwanza, kwa sababu gavana alikuwa Dar es Salaam na hakuna aliyemjua sura. Liti, yule mama anayesimuliwa kupambana na Wajerumani kwa kuwafungulia nyuki, kwao alikuwa muasi tu. Kwetu ni shujaa, na uwanja wa mpira uliokuwa Namfua sasa una jina lake. Imetuchukua miaka mia moja na zaidi kubandika jina hilo ukutani, na tulikuwa na bahati kwamba wajukuu wake walibaki hapa hapa wakilisema. Wabarmaki hawakubakiwa na watu wengi wa kulisema lao.

Sasa wachoraji wetu mko wapi? Kitabu hiki hakijachorwa kwa Kiswahili bado, na hakihitaji jini wala zulia linaloruka. Ukurasa wa kwanza muweke kipofu Abu Zakkar anaimba ndani ya hema. Hamuoni mtu aliyeingia, lakini anasikia wimbo wa viatu sio wa mgeni wa kawaida, na anaona kwa masikio kwamba mwenyeji wake amenyamaza. Ukurasa wa pili Masrur anarudi kwa bosi wake kuuliza tena, gizani, katikati ya mahema. Hapo mpeni nafasi, mchoreni akitembea polepole kurasa mbili nzima, maana hatua zile ndizo zilizokuwa umri wote uliobaki wa Jafari. Na Harun msimchore anasinzia. Yuko macho, amekaa, anangoja.